GnuCash kwenye hesabu za mishahara: kodi haikokotoi, ila deni halisahau

Mtu akifungua GnuCash kwa mara ya kwanza akitafuta sehemu ya mishahara, huishia kwenye menyu ya biashara, anaona mahali pa kusajili wafanyakazi, anaanza kuingiza majina. Asimame hapo hapo. Sehemu hiyo ni ya kumrudishia mfanyakazi pesa aliyoitoa mfukoni kwa ajili ya ofisi: nauli, wino wa printa, mafuta ya gari. Ukipitisha mshahara humo utapata hati ya madai inayopendeza macho, lakini isiyo na makato wala mchango wa mwajiri, na kodi yote inabaki inaning'inia. Programu hii haina mfumo wa mishahara ndani yake, na mwongozo wake unakiri hivyo waziwazi: ukokotoaji wa kodi na makato ufanyike nje, kisha matokeo yaletwe ndani.

Basi ya nini kuipitia kwa kazi hii? Kwa sababu kukokotoa mshahara na kuuandika vitabuni ni kazi mbili, na biashara ndogo nyingi huumia kwenye hiyo ya pili. Kukokotoa makato ya watu watano ni kazi ya lahajedwali na nusu saa. Kujua, siku yoyote ya mwezi, kwamba kati ya pesa iliyoko benki kiasi fulani si chako, ni kodi ya watu unayoishikilia tu, hapo ndipo wengi huteleza. Kwa kazi hiyo GnuCash ni nzuri kuliko programu nyingi za kulipia, mradi uijenge vizuri mwanzoni.

Kwa wasioijua: ni programu huria na ya bure, inatumika kwenye Windows, macOS na Linux, inatunza hesabu kwa mfumo wa maingizo mawili, yaani kila muamala una upande wa debiti na upande wa krediti, na jumla zake lazima zilingane. Toleo la 5.0 lilitoka mwaka 2023. Haina majedwali ya kodi ya nchi yoyote, kwa hiyo haiwezi kupitwa na wakati viwango vinapobadilika. Wajibu huo unabaki kwako, na usijidanganye kwamba kuna siku programu itakukumbusha.

Akaunti kwanza, muamala baadaye

Ubora wote wa GnuCash kwenye mishahara unategemea orodha ya akaunti. Ile inayokuja na kianzio cha biashara haitoshi. Upande wa gharama unahitaji mbili kwa uchache: Mishahara Ghafi, yaani mshahara kabla ya makato, na Michango ya Mwajiri. Usizichanganye, maana ya kwanza ni makubaliano yako na mfanyakazi, ya pili ni mzigo ambao sheria imekutwika juu ya mshahara. Anayetaka kujua gharama ya kuajiri mtu mmoja zaidi huzijumlisha. Anayejaza ritani ya michango huzitenganisha.

Upande wa madeni ndiko kwenye uzito. Tengeneza akaunti kuu iitwe Makato ya Mishahara, uiweke alama ya kuwa kichwa tu ili isipokee muamala wowote, kisha chini yake kila mdai awe na akaunti yake: Kodi ya Mapato ya Wafanyakazi, Hifadhi ya Jamii, Bima ya Afya, Chama cha Akiba na Mikopo, na vyovyote vinavyokatwa. Kanuni ni rahisi: ukiandika malipo mawili tofauti kwa taasisi mbili, basi ni akaunti mbili. Ukiandika malipo moja kwa mdai mmoja, akaunti moja inatosha hata kama ndani yake kuna fungu la mfanyakazi na fungu la mwajiri. Halafu iko akaunti moja ambayo wengi huiruka, Mishahara Inayodaiwa, nayo pia ni ya madeni. Tutaona kazi yake punde.

Upande wa mali, weka Advansi za Wafanyakazi. Hapa tu ndipo inapofaa kuwa na akaunti ndogo kwa kila mtu, kwa kuwa advansi ina salio la mtu binafsi linaloshuka mwezi hadi mwezi. Kumtengenezea kila mfanyakazi akaunti yake ya mshahara upande wa gharama ni kujaza mti matawi yasiyozaa. Baada ya miaka 2 na wafanyakazi wachache kuondoka, orodha yako haisomeki.

Angalia sana aina ya akaunti unapoitengeneza. GnuCash inakuuliza kama ni mali, deni, gharama, mapato au mtaji, na kosa la kawaida kuliko yote ni kuiweka kodi ya wafanyakazi kuwa gharama. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani haraka. Ukiandika mshahara halisi, ule unaobaki baada ya makato, kuwa gharama siku ya kulipa, halafu kodi kuwa gharama siku ya kuiwasilisha, jumla ya mwaka itakaribia kuwa sawa na mshahara ghafi. Kwa hiyo taarifa ya mapato na matumizi haitapiga kelele. Lakini mizania, taarifa ya mali na madeni, itakuwa inasema huna deni lolote, mwezi mzima, huku kodi ya watu iko kwenye akaunti yako ya benki ikionekana kama faida. Ndivyo mwenye biashara anavyonunua mashine kwa pesa ambayo baada ya wiki 2 anatakiwa kuiwasilisha.

Kabla ya kuandika chochote, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uwashe matumizi ya lebo rasmi za kihasibu. Bila hivyo kolamu za rejista, yaani ukurasa wa miamala ya akaunti, zinabadilika majina kulingana na aina ya akaunti, kuongezeka na kupungua, kuingia na kutoka, na kwa muamala wenye mistari 7 unaogusa aina 3 za akaunti utapotea. Ukishaiwasha, kila mahali ni debiti na krediti.

Mshahara mmoja, mstari kwa mstari

Tuchukue mfanyakazi mwenye mshahara ghafi wa 800,000. Tuseme kodi yake imekokotolewa ikawa 64,000, mchango wake wa hifadhi ya jamii ni asilimia 10, mwajiri naye anachangia asilimia 10, na mwezi uliopita alichukua advansi ya 50,000 inayorudishwa yote mwezi huu. Viwango hivi ni vya mfano. Chukua vya nchi yako. Muamala wa kwanza, wenye tarehe ya mwisho wa mwezi, unakuwa hivi:

Debiti: Mishahara Ghafi 800,000
Debiti: Michango ya Mwajiri 80,000
Krediti: Kodi ya Mapato ya Wafanyakazi 64,000
Krediti: Hifadhi ya Jamii, fungu la mfanyakazi 80,000
Krediti: Hifadhi ya Jamii, fungu la mwajiri 80,000
Krediti: Advansi za Wafanyakazi 50,000
Krediti: Mishahara Inayodaiwa 606,000

Debiti 880,000, krediti 880,000. Benki haijaguswa, na hilo ni la makusudi. Hifadhi ya jamii imeandikwa mistari 2 kwenye akaunti ile ile, kila mmoja na maelezo yake, kwa sababu siku ya kujaza ritani utaulizwa mafungu yote mawili. Ukiandika 160,000 kwa mstari mmoja itabidi uanze kugawanya upya kwa kikokotoo.

Siku mshahara unapotoka benki, muamala wa pili: debiti Mishahara Inayodaiwa 606,000, krediti Benki 606,000. Na siku ya kuwasilisha kodi, muamala wa tatu: debiti Kodi ya Mapato ya Wafanyakazi 64,000, krediti Benki 64,000. Hifadhi ya jamii vivyo hivyo kwa 160,000. Malipo haya ya baadaye hayagusi gharama hata kidogo. Gharama ilishaandikwa mara moja, katika mwezi ambao kazi ilifanyika.

Wapo wanaouliza kwa nini wasikrediti benki moja kwa moja kwenye muamala wa kwanza na kuokoa hatua. Kwa biashara yenye mtu mmoja anayelipwa siku ile ile ya mwisho wa mwezi, inawezekana. Lakini mishahara ikilipwa tarehe 3 ya mwezi unaofuata, au mmoja akilipwa kwa benki na mwingine kwa simu, au malipo ya mmoja yakarudishwa na benki kwa namba ya akaunti iliyokosewa, akaunti ya Mishahara Inayodaiwa ndiyo inayokuonyesha nani bado. Ikibaki na 606,000 baada ya siku ya malipo, kuna mtu hajapata pesa yake. Benki ikirudisha malipo, unadebiti benki na kukrediti Mishahara Inayodaiwa, deni linafufuka lenyewe.

Kwenye rejista, fungua akaunti ya Mishahara Inayodaiwa na ubadili mwonekano uwe wa jarida la miamala, ule unaoonyesha mistari yote. Andika tarehe, maelezo, kisha shuka mstari kwa mstari kwa kitufe cha Tab. Kisanduku cha kiasi kinakubali hesabu: ukiandika 800000*0.1 na kusogea mbele, kinakuwekea 80,000. Inafaa, ila fomula haihifadhiwi, yanabaki matokeo tu. Mkaguzi akitaka kujua 64,000 ilitoka wapi, jibu litakuwa kwenye lahajedwali lako. Lihifadhi kila mwezi kama faili lake, lisifutwe wala kuandikwa juu yake, na njia yake iunganishwe kwenye muamala kama kiambatisho. GnuCash inaruhusu kuunganisha faili na muamala. Kumbuka tu kwamba inachohifadhi ni njia ya kulifikia faili. Ukihamisha folda, kiungo kinakufa.

Ukitoka kwenye muamala usiosawazika, programu inakuuliza ufanyeje, na moja ya chaguo ni iongeze yenyewe mstari wa kusawazisha. Usikubali. Itaunda akaunti yenye jina linaloanza na Imbalance na kutupia tofauti humo, na baada ya miezi 6 utakuwa na kapu la vijisenti visivyo na mwenyewe. Chagua kusawazisha kwa mkono, utafute tofauti iko wapi. Mara nyingi ni mchango wa mwajiri ulioandikwa upande mmoja tu.

Muamala wa ratiba na fomula zake

Hiki ndicho kipengele kinachoiokoa GnuCash isionekane daftari la kawaida. Kwenye kihariri cha miamala ya ratiba, ile inayojirudia kwa tarehe ulizopanga, badala ya namba unaweza kuandika maneno. Kwenye mstari wa Mishahara Ghafi andika ghafi. Kwenye Michango ya Mwajiri andika ghafi*0.1. Kwenye mistari miwili ya Hifadhi ya Jamii, ghafi*0.1 kila mmoja. Kwenye kodi andika kodi, kwenye advansi andika advansi, na kwenye Mishahara Inayodaiwa andika ghafi-ghafi*0.1-kodi-advansi. Siku ikifika, ukifungua faili linatokea dirisha linalokuuliza thamani za maneno matatu tu: ghafi, kodi, advansi. Mistari 7 inajijaza yenyewe.

Kwa nini kodi iulizwe badala ya kukokotolewa? Kodi ya mapato kwa nchi nyingi ni ya ngazi: sehemu ya kwanza ya mshahara kiwango hiki, inayofuata kile. Fomula za ratiba hazina namna ya kusema “ikiwa mshahara umezidi kiasi fulani”. Wanaojaribu kuweka asilimia moja ya wastani hupata namba iliyo karibu na ukweli, na kwenye kodi namba iliyo karibu na ukweli ni kosa. Michango ya asilimia isiyobadilika inafaa kwa fomula, kodi ya ngazi haifai. Na michango yenyewe ikiwa na ukomo wa juu, yaani haikatwi zaidi ya kiasi fulani, nayo itoe kwenye fomula uiulize kama kodi.

Jihadhari pia na desimali. Mshahara wa 733,350 ukikatwa asilimia 7.5 unatoa 55,001.25, na mamlaka inaweza kutaka kiasi kizima. Programu haijui kanuni ya kukadiria ya mamlaka yako. Itaweka sehemu zile zinazoruhusiwa na sarafu. Kama kanuni ni kukadiria kwenda juu au kushuka, thamani hiyo iingizwe kwa mkono, na mshahara halisi utokane nayo.

Usiwashe uundaji wa moja kwa moja kwa muamala wa mshahara. Kwa kodi ya pango sawa. Mshahara hubadilika: muda wa ziada, siku zisizolipwa, aliyeanza kazi tarehe 12. Acha iulize kila mara. Kwa sababu hiyo hiyo, jihadhari na ukamilishaji wa maelezo: ukianza kuandika maelezo yanayofanana na ya zamani, GnuCash inaleta muamala mzima wa zamani pamoja na namba zake. Ni rahisi sana kuacha advansi ya 50,000 iliyokwisha kulipwa iendelee kukatwa mwezi wa pili. Akaunti ya advansi ya mtu huyo itakuwa na salio hasi, na yeye atakuja kukueleza kabla ya programu.

Kila mtu muamala wake, au wote pamoja?

Mpaka watu 5 hivi, muamala mmoja kwa kila mtu ni bora. Unaona kila kitu, na marekebisho ya mmoja hayagusi wengine. Kuanzia hapo kwenda juu, fanya muamala mmoja wa jumla kwa mwezi, na lahajedwali liwe kiambatisho chenye mchanganuo wa kila mtu. Tukisema kweli, ukishafika watu 15 wenye zamu na malipo ya saa, tafuta programu ya mishahara hasa, na GnuCash ibaki kupokea jumla yake tu.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea jumla, nayo ni siri. GnuCash haina ngazi za watumiaji wala nywila ya faili. Anayeweza kulifungua faili ili aandike risiti za mauzo, anaona mshahara wa kila mtu. Faili la kawaida halijasimbwa. Ulinzi wake ni ule wa kompyuta yenyewe. Kama karani wa mauzo na mwenye hesabu wanatumia faili moja, majina na mishahara yasiwemo humo. Na wasilitumie kwa wakati mmoja, kwa sababu programu si ya watu wengi kwa pamoja: inaweka faili la kufuli, na wa pili anaonywa. Wanaopuuza onyo hilo kwenye folda ya mtandaoni iliyoshirikiwa hujikuta na matoleo mawili ya mwezi mmoja.

Kwa wenye lahajedwali lililonyooka, kuna kuingiza kwa faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu. Chagua aina ya mistari mingi kwa muamala mmoja. Bila alama hiyo kila mstari wa faili utakuwa muamala unaojitegemea na utazalisha fujo. Majina ya akaunti kwenye faili yaandikwe kamili kuanzia akaunti kuu hadi ndogo. Jaribu kwanza kwenye nakala ya faili la hesabu. Sivyo, jioni utakuwa unafuta miamala mmoja mmoja.

Akaunti inayopaswa kuwa sifuri

Hapa ndipo thamani ya programu hii inapoonekana, na ndipo inapostahili dakika 10 zako kila mwezi. Baada ya kuwasilisha kodi na michango ya mwezi wa tatu, kila akaunti chini ya Makato ya Mishahara inapaswa kuwa na kiasi cha mwezi wa nne peke yake, au sifuri kama wa nne bado haujaandikwa. Si karibu na sifuri. Sifuri.

Ikibaki 1,500, fungua ripoti ya miamala, chagua akaunti hiyo moja, panga kwa tarehe na uweke jumla ndogo kwa kila mwezi. Krediti za mwezi zifananishwe na debiti ya malipo yake. Hapa utafurahi kama kwenye kisanduku cha namba uliandika mwezi unaohusika, kwa mfano 2025-03, kwenye muamala wa mshahara na kwenye muamala wa kuwasilisha. Tarehe pekee hazisaidii kwa kuwa malipo ya mwezi mmoja huangukia mwezi mwingine. Sababu za tofauti hazina siri kubwa. Mshahara ulirekebishwa baada ya ritani kupelekwa. Mchango wa mwajiri ulisahaulika kwa mfanyakazi mpya. Mfanyakazi aliondoka katikati ya mwezi, ratiba yake ikaendelea. Au malipo yaliandikwa kwenye gharama, na hapo salio litakuwa sawasawa na kiasi cha malipo yote, ishara rahisi kuitambua.

Hilo la mwisho hutokea sana kwa wanaoingiza taarifa ya benki moja kwa moja. GnuCash hujifunza kutokana na uamuzi wako wa nyuma na kukupendekezea akaunti. Mara ya kwanza ukikosea kuyapeleka malipo ya kodi kwenye gharama, mwezi unaofuata itapendekeza kosa lile lile kwa heshima zote. Tena, kama malipo ya mshahara ulishayaandika kwa mkono, kwenye dirisha la kulinganisha hakikisha yameoanishwa na muamala uliopo, yasiongezwe kama mapya. Yakiongezwa, Mishahara Inayodaiwa itakuwa na salio la debiti, kana kwamba wewe ndiye unayewadai wafanyakazi.

Faini na riba za kuchelewesha zina akaunti yake upande wa gharama. Usizipitishe kwenye akaunti ya kodi hata kama mamlaka imezijumlisha kwenye ankara moja. Malipo ya 70,000 yenye kodi 64,000 na faini 6,000 ni muamala wa mistari 3: debiti kodi 64,000, debiti faini 6,000, krediti benki 70,000. Ukiyapeleka yote kwenye kodi, akaunti itaonyesha kwamba umelipa zaidi, na mtu mwingine anaweza kwa nia njema kupunguza malipo ya mwezi ujao.

Neno moja kuhusu manufaa yasiyo ya fedha, kama nyumba au gari. Mara nyingi yanatozwa kodi, na hukokotolewa kwenye lahajedwali kama sehemu ya mshahara unaotozwa. Lakini kama pango la nyumba hiyo tayari umeliandika kwenye gharama ya pango, usiliandike tena kwenye Mishahara Ghafi. Kinachobadilika kwenye muamala ni kodi kupanda na mshahara halisi kushuka tu.

Kurekebisha bila kufuta nyayo

Udhaifu ambao mhasibu atauona wa kwanza ni kwamba muamala wa zamani unaharirika. Programu itakuonya ukigusa mstari uliokwisha kupatanishwa na benki, lakini wa mishahara inayodaiwa haupatanishwi na benki, kwa hiyo hakuna onyo. Kwenye chaguo za faili kuna kizingiti cha siku: miamala yenye umri zaidi ya hapo inafungwa isihaririwe. Weka siku zinazotosha kufunga mwezi na kupeleka ritani, 45 kwa mfano. Si ulinzi wa kweli, kwa kuwa yeyote anaweza kuibadili namba hiyo, ila unazuia mkono ulioteleza.

Mshahara uliokosewa baada ya ritani kupelekwa usiuhariri. Tumia amri ya kuongeza muamala wa kinyume: inaunda nakala yenye debiti na krediti zilizogeuzwa. Kisha andika ulio sahihi. Vitabu vitaonyesha kosa, marekebisho na tarehe zake, na ritani ya nyongeza itakuwa na msingi wa kusimamia.

Hati ya mshahara ya mfanyakazi hutaipata hapa, wala cheti cha kodi cha mwisho wa mwaka. Ripoti ya miamala inaweza kuchuja kwa maneno yaliyo kwenye maelezo na kukupa jumla ya mtu mmoja kwa miezi 12, lakini tu kama jina liliandikwa vile vile kila mwezi. Anayeandika jina kamili mwezi huu, herufi za mwanzo mwezi ujao na jina la utani mwezi wa tatu, atalipa usumbufu wake Desemba. Namba ya mfanyakazi ni bora kuliko jina.

Kila unapohifadhi faili la kawaida, programu inaacha nakala ya awali yenye tarehe na saa kwenye jina, pamoja na faili za kumbukumbu ya mabadiliko. Folda inajaa, watu wanaudhika, wanafuta zote. Ziache walau za kipindi ambacho ritani yake haijapelekwa.

Ukianza katikati ya mwaka, usisubiri Januari, ila usianze na akaunti tupu za madeni. Kama unahamia mwezi wa saba, kuna kodi na michango ya mwezi wa sita ambayo hujaiwasilisha. Iingize kama salio la kuanzia: krediti kila akaunti ya makato kwa kiasi chake, debiti akaunti ya mtaji ya salio la kuanzia. Advansi ambazo hazijarudishwa nazo ziingie, kwa upande wa debiti. Asiyefanya hivyo, malipo yake ya kwanza ya kodi yatalipa deni ambalo vitabu havilijui, na kila mwezi baada ya hapo akaunti itabaki na debiti ya mwezi mmoja kamili. Ukiona debiti isiyokwisha, inayolingana na makato ya mwezi wa kabla ya kuhamia, usihangaike kukagua miamala yote: kinachokosekana ni salio la kuanzia.